Mjadala: Umelipa kiingilio cha bembea, halafu mtoto yuko kwenye gemu la simu. Tuzizuie?

Mama wa Uyole

Wakubwa shikamooni, wenzangu poleni na baridi. Nimekuja na jambo, naomba tulijadili bila matusi.

Shule wanayosoma wanangu inapanga ziara ya Dar, na siku moja ya ziara ni bustani ya michezo: bembea, gurudumu kubwa, treni ya kushuka kwa kasi, maji ya kuteleza. Mzazi anayetaka anaruhusiwa kwenda kwa nauli yake. Kwenye kikao mmoja wetu akapendekeza siku hiyo simu zote, za watoto na za wazazi, zibaki kwenye basi, isipokuwa ya mwalimu wa zamu. Kikao kikavunjika kwa kelele. Tunarudi Jumamosi kupiga kura. Mimi nipo upande wa kuzuia, na sababu ninayo.

Likizo ya mwezi wa sita tulikwenda wenyewe, familia. Safari ya kutoka huku Mbeya mnaijua, zaidi ya kilometa 800, unaondoka giza unafika giza, magoti yamekufa ganzi. Hela tulidunduliza tangu viazi vya mwaka jana. Tukafika, tukalipia watu watano, tukapanga foleni ya gurudumu. Mwanangu wa kwanza, miaka 13, akaniomba simu "dakika mbili tu". Akazama kwenye gemu la magari. Foleni inasogea, yeye anasogezwa kama gunia. Zamu yetu ikafika, kijana wa pale anafungua kiti, mwanangu ananiambia, "Mama subiri, nikitoka saa hizi napoteza." Waliokuwa nyuma wakatupita. Nikampandisha kwa kumshika mkono. Kule juu, mji wote uko chini ya miguu yetu, akaniuliza kama nimebeba chaja.

Huyo mtoto. Haya, baba yake. Mdogo wetu wa miaka 5 alikuwa kwenye farasi wa kuzunguka. Kila akipita mbele yetu anapunga mkono, "Baba! Baba!" Baba kainamia simu, anacheza drafti. Alipita mara nne. Nilihesabu.

Gemu hilo hilo wanalicheza hapa Uyole kila siku, kwenye kochi, bila nauli. Sasa Dar tulifuata nini? Karibuni.

Kijana wa Mafiati

Shikamoo mama. Umetusimulia gurudumu, hujatuambia foleni ilikuwa ya muda gani. Mimi hizo sehemu nimefika. Unasimama juani karibu saa nzima, wewe mtoto wa Mbeya uliyezoea sweta, kwa mzunguko wa dakika tatu. Muda wote huo mtoto atazame nini, kisogo cha mtu wa mbele?

Wenye bustani kubwa duniani hilo waliliona. Mwaka 2018 Disney walitoa programu ya simu, Play Disney Parks, yenye michezo ya kuchezwa ukiwa umesimama kwenye foleni zao. Mwaka 2021 huko Osaka, Japani, ikafunguliwa Super Nintendo World ndani ya bustani ya Universal. Unavaa bangili, unagonga matofali kama yale ya gemu la Mario, na sarafu ulizokusanya unaziona kwenye simu yako. Wenzetu wamelifanya gemu kuwa sehemu ya bustani, sisi tunataka kulifungia kwenye buti la basi.

Halafu mama, picha za siku hiyo si uliziweka status? Ulipiga kwa sufuria?

Mama wa Uyole

Nilipiga tatu, nikairudisha mkobani. Ndipo ikaombwa. Endelea kucheka.

Mnyalukolo wa Kihesa

Kamwene. Kijana, mfano wako umekugeuka. Gemu la Osaka linamfanya mtu atazame ukuta ulio mbele yake, augonge, akimbilie mwingine. Gari la mwana wa Uyole halijui kama mwenyewe yupo kwenye gurudumu au chooni. Hayo si mambo mamoja, na kura ya Jumamosi inayachanganya.

Hata gemu la kutembea nalo lina mahali pake. Pokémon GO ilipotoka Julai 2016, watu walizunguka mitaani na simu wakiwinda vikatuni. Wiki chache tu, makumbusho ya Holocaust ya Washington na yale ya Auschwitz kule Poland yakalazimika kuwaomba wageni wasiwinde pale, mahali panapokumbusha watu waliouawa kwa wingi. Sisi tuna makumbusho ya Kalenga hapa Iringa, lilipo fuvu la Mkwawa, mtemi wetu Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Niliwapeleka wageni wangu, vijana wa ukoo. Mmoja akawa anacheza mpira wa kwenye simu mbele ya kioo, sauti juu, mtangazaji anapiga kelele za goli. Nilitamani ardhi inimeze.

Halafu kuna tembo wa njiani, kila anayepanda basi za kwenda Dar anawajua. Barabara inakata katikati ya hifadhi ya Mikumi, na ukiwa ndani ya basi hukatiwi tiketi ya kuona wanyama. Mara ya mwisho tembo walikuwa karibu na lami, dereva akapunguza mwendo. Nikageuka nimwonyeshe wa nyuma. Nusu ya vichwa kwenye basi vimeinama. Tembo, jamani. Na watoto wake.

Mwendesha bembea

Mimi ndiyo kazi yangu. Nane Nane pale uwanja wa John Mwakangale nipo, Idi nipo, Krismasi nipo. Nyote mmeongelea furaha, mimi niongelee chuma.

Kwenye foleni cheza gemu lako hadi betri ife. Mtu anayecheza hasukumani na wenzake, kwangu ni mteja mtulivu. Shida inaanza hatua kumi za mwisho. Mtu aliye kwenye gemu haoni ngazi wala hasikii maelekezo, anapanda na mkono mmoja, wa pili umeshika simu. Nikimwambia afunge mkanda anaitikia "sawa" huku hajafunga. Nikikagua kiti kwa kiti, hao ndio ninaowarudia.

Bembea ikishachanganya, kitu kikikutoka mkononi hakiangukii miguuni pako. Kinarushwa nje na ile kasi uliyokuwa nayo wewe. Simu ina kama gramu 200 za kioo na chuma, na huko inakokwenda kuna mama kasimama anamsubiri mwanawe. Mwenye simu naye akili yote inahamia kwenye simu, anataka kuruka uzio kabla mashine haijasimama. Agosti 2015, kwenye bustani ya Cedar Point huko Ohio, Marekani, mgeni mmoja aliingia eneo lenye uzio chini ya treni inayoitwa Raptor kutafuta simu yake iliyopotea. Treni ilimpiga, akafa. Mwaka huo huo Disney walipiga marufuku vijiti vya selfi kwenye bustani zao. Kisa hicho huwa nawasimulia vijana wangu siku ya kwanza ya kazi.

Niliwahi kuweka sanduku la mbao lenye kufuli. Watu wakakataa, wanaogopa kumwachia simu mtu wasiyemjua, na siwalaumu. Sasa hivi nina mikoba midogo ya zipu, unaifunga kiunoni, simu inaingia, unapanda. Inafanya kazi.

Kwa hiyo kuifungia kwenye basi ni mbali mno. Funga kwenye geti la mashine.

Babu wa Tukuyu

Ndaga fijo kwa mjadala. Nawasoma nacheka. Tangu lini mtu wa nchi hii akasubiri kitu bila mchezo? Msibani wanaume tunacheza karata na bao, marehemu bado yuko ndani, na hakuna aliyesema hatuna uchungu. Kiswaswadu changu cha kwanza kilikuja na gemu la nyoka. Nililicheza kila nikipanga foleni, sikumkosea mtu.

Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba bao lina watazamaji. Mnacheza wawili, saba wamewasimamia wanawafundisha kwa kelele, na anayepita mnamsalimia. Huyo mjukuu wa Uyole angecheza magari na wenzake wa kwenye foleni nisingekuwa na neno.

Mama wa Forest

Mwanangu ana usonji. Muziki wa pale, mota za mashine, watu wanaopiga mayowe juu, vyote vinamwingia kwa pamoja. Ana gemu lake la kupanga maumbo na spika zake za masikioni. Akiwa navyo anafika mbele ya foleni. Akikosa, tunaishia katikati, yeye kalala chini na watu wananitazama kana kwamba sikumlea.

Mkipiga kura simu zibaki kwenye basi, mmepiga kura mwanangu abaki kwenye basi.

Mwalimu wa Makambako

Si wa shule hiyo. Nimeshapeleka ziara nyingi, kwa hiyo nitasema mawili tu. La kwanza, wanaotaja afya wasome vizuri. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 uliweka kikomo cha saa 1 ya skrini kwa siku kwa watoto wa miaka 2 hadi 4, na pungufu yake ni bora. Ni kuhusu kukaa mbele ya skrini kila siku, haukuandikwa kwa ajili ya mtoto wa miaka 13 aliyeko matembezini siku moja. La pili, watoto arobaini na simu moja ya mwalimu? Siku mtoto mmoja atakapopanda foleni isiyo yake ndipo mtakumbuka kwa nini wazazi wanabeba simu.

Kijana wa Mafiati

Mnyalukolo, kwenye tembo umenipata. Sina jibu.

Mama wa Uyole, nisamehe, ila hukutuambia kama ulimuuliza mwenyewe. Ana miaka 13. Foleni imejaa wasichana wa rika lake, na mama yake kamshika mkono kumpandisha kwenye kiti. Hapo hata mimi ningejificha ndani ya simu.

Mnyalukolo wa Kihesa

Alishikwa mkono kwa sababu ya simu, hakuchukua simu kwa sababu ya mkono. Usigeuze.

Mama wa Uyole

Samahanini nilipotea, nilikuwa napika. Maneno ya kijana yamenikaa, nikamwita mtoto nikamuuliza. Alijisokota kwanza. Halafu akasema, "Mama, mimi naogopa juu. Nilitaka watu watupite." Huyu ndiye anayepanda miparachichi ya bibi yake mpaka kileleni na sisi chini tunapiga kelele ashuke. Nikamuuliza mbona hakusema. Kasema tulishalipa.

Sasa sijui. Yaani kwa huyu nilikuwa nagombana na simu, kumbe simu ndiyo alikojibanza. Ingekuwa imefungiwa kwenye basi angepanda akitetemeka na mimi ningefurahia kwamba amekubali.

Jumamosi nitabadilisha. Nitaomba tupigie kura alichosema mwendesha bembea: foleni ni huru, geti la mashine simu inaingia mfukoni, na hiyo mikoba ya zipu tuchangishane tushone wenyewe. Mwana wa dada wa Forest hagusiwi. Kwenye basi tukifika Mikumi simu zinazimwa, na hapo mzazi atakayepinga aje tupambane.

Kwa baba yao sijabadilisha kitu.

Mcheza drafti

Uzi huu nimetumiwa na shemeji yangu. Ndiyo, baba ni mimi, salamu kwenu.

Nilikuwa nacheza na kaka yangu, yupo Songea. Tulilelewa kwenye ubao mmoja, na sasa mwaka unakatika hatujaonana. Siku hiyo alikuwa kanifunga mbili bila, nikasema simwachii ya tatu. Babu wa Tukuyu anazungumzia watazamaji. Mimi na kaka hatuna watazamaji, tuna bando.

Kuhusu farasi wa kuzunguka, mke wangu kakosea hesabu. Mtoto alipita mara sita, mbili nilimwona. Mara ya pili alikuwa ameshaacha kupunga.

Mama wa Uyole

Jamani, huyu yuko sebuleni. Mimi niko jikoni. Anayaandika haya huko.