Fedha ya bibi: nimuuzie sonara wa hapa Tanga, nipeleke Dubai, au nisubiri bei?

Mwana wa Pangani
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri wa haraka. Nina vitu vya fedha (sio dhahabu) nilivyoachiwa na bibi mzaa baba: mitali ya miguuni jozi mbili, kekee za mkononi, vikuku, mkufu mmoja mzito na riale za Maria Theresa (zile sarafu za fedha za zamani zenye sura ya malkia wa Kizungu) kumi na kitu. Ukiacha riale, mizani ya duka imesoma kilo moja na robo. Sonara wa hapa mjini anataka kunipa 1,200 kwa gramu, anasema vya zamani havina soko, anakwenda kuyeyusha tu. Jamaa yangu ananiambia nipeleke Dubai, mwingine anasema nikae navyo mwaka mzima maana fedha inapanda. Mimi mwaka sina, ni wiki hii tu. Niuze wapi?

Mnazi Mkinda
Namba moja. Nimeshatandika jamvi, leteni kahawa.

Sonara Mstaafu
Kijana, 1,200 ni wizi wa mchana kweupe. Fedha duniani inauzwa kwa aunsi, na aunsi ya madini ni gramu 31.1. Oktoba 2025 aunsi ilivuka dola 50. Tuseme hiyo hiyo 50: gawa kwa 31.1, unapata dola 1.60 kwa gramu ya fedha safi. Vyako si safi. Wafua fedha wa pwani walikuwa wanayeyusha riale zenyewe ndipo wafue mitali, na riale ni 833 katika elfu, kwa hiyo usitegemee ile 925 ya dukani. Unabaki na dola 1.34 hivi. Dola ikiwa 2,500, hiyo ni kama 3,300 kwa gramu. Sonara lazima naye ale, kuna moto na kuna kinachopotea, lakini sio ale theluthi mbili!

Akipima, simama hapo hapo. Atasugua upande wa ndani kwenye jiwe, adondoshee dawa ya kupimia. Ikigeuka nyekundu ni fedha, ikiwa kijani shaba imezidi. Akikuambia "ngoja nikapimie nyuma", chukua mzigo wako uondoke.

Mtoto wa Mererani
Habari ya kusubiri msinidanganye. Mjomba wangu alinunua vipande vya fedha Aprili 2011 aunsi ikiwa karibu 49, akaapa itagonga mia. Mwisho wa 2015 ilikuwa chini ya 14. Hapo katikati aliuza pikipiki ili asiguse vile vipande. Mkewe mpaka leo akisikia neno aunsi anatoka nje.

Bint Mwera
Kwani vitu vya bibi vinauzwa? Mimi mitali ya bibi yangu niliivaa siku ya harusi, ukumbi mzima ulikuwa unasikia nikipita. Vijana wa siku hizi mtauza hadi sanda.

Mwana wa Pangani
Dada, harusi yako hongera. Nauliza bei.

Ustadhi wa Mtaa wa Pili
Assalaam alaykum. Umesema "nilivyoachiwa". Umeachiwa kwa wasia wa maandishi? Marehemu hakuwa na watoto?

Mwana wa Pangani
Ustadhi, mada ni sokoni, tusiingie kwenye ukoo.

Sonara Mstaafu
Anayenunua kihalali atakuuliza hilo hilo. Mimi nilikuwa nauliza. Jibu.

Mwana wa Pangani
Haya. Bibi alifariki baada ya mfungo. Baba yangu alimtangulia. Ami wawili wapo na shangazi yupo. Bibi aliniambia kwa mdomo, "hivi vyako", tukiwa wawili chumbani. Na ni mimi niliyemuuguza, nimembeba mgongoni kumpeleka hospitali, wao wanatuma vikatuni vya kulia kwenye simu. Halafu kuna dalali kanipa arbuni laki tano, nimeshalipia mkopo wa kausha damu. Kwa hiyo kuuza nauza, hilo lisiwape shida.

Mnazi Mkinda
Na hiyo "wiki hii tu" ni ya nini?

Mwana wa Pangani
Ami mkubwa anatua Ijumaa kutoka Muscat.

Mnazi Mkinda
😂😂😂 Kahawa iongezwe! Mtu hakimbizani na bei, anakimbizana na ndege.

Ustadhi wa Mtaa wa Pili
Mwanangu, mjukuu harithi watoto wa kiume wa marehemu wakiwa hai. Wasia nao mwisho wake theluthi, tena uwe na mashahidi. Kumuuguza bibi una ujira wako kwa Mola, haukukufanya mrithi. Fungueni mirathi Mahakama ya Mwanzo.

Mwana wa Pangani
Theluthi ni bora kuliko bure. Mitali jozi moja inaingia humo au haiingii?

Kiboko ya Matapeli
Hii ni chai ya maziwa, uongo mtupu. Machi huyu huyu alifungua uzi wa mashine ya juisi, akasema ni yatima hana ndugu hata mmoja. Leo ana ami wawili, mmoja Muscat! Na riale za 1780 zimefikaje kwa bibi wa Pangani?

Mwana wa Pangani
Yatima ni yatima, baba alikufa. Ndugu nilisema hana msaada.

Sonara Mstaafu
Yatima wake simjui, ila kwenye riale unamwonea. Zote zimeandikwa 1780, mwaka aliokufa huyo malkia, na ziliendelea kupigwa mwaka huo huo hadi karne ya ishirini, hata London na Bombay. Weka picha tuone ukingo. Ya kweli ina maandishi ukingoni na uzito wa gramu 28.

Mwana wa Pangani
Picha hizo. Moja tu haina mama wa Kizungu, ni Kiarabu pande zote, chini kuna 1299. Nyeusi, nimeanza kuisugua na majivu na limau.

Sonara Mstaafu
ACHA KUSUGUA. Kama ni ya kweli, hiyo ni riale ya Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar; 1299 ni ya Hijria, 1882 kwa miladi. Hiyo haiuzwi kwa gramu, wanaitaka wakusanyaji, na kila unapoisugua unapunguza bei. Mpeleke ami wenu akaione kabla ya dalali.

Kiboko ya Matapeli
Picha ya mtandaoni hiyo. Weka nyingine, sarafu iwe juu ya gazeti la leo.

Mvita Asili
Huku Kenya, kwa sheria ya 2006, kitu cha kabla ya 1895 hakitoki nchini bila kibali. Kabla ya kuota Dubai, kaulize Makumbusho ya huko kwenu.

Fursa Tele
Nanunua zote leo, njoo pm.

Bint Mwera
Huyo asikuguse. Na arbuni ya watu umerudisha?

Mwana wa Pangani
Nusu. Gazeti nanunua kesho asubuhi.