Kikundi cha kanisa Likoni, Mombasa: wajane 12, watoto 31, shilingi 60,000. Tuanzie wapi?

Shemasi_Mtongwe

Bwana asifiwe wapendwa. Kamati yetu ya huduma ya huruma imeorodhesha wajane 12 na watoto 31. Kati ya watoto hao, 4 hawana baba wala mama na wanalelewa na nyanya yao, ambaye naye ni mjane. Mkononi tuna shilingi 60,000, na ahadi za kama 15,000 kila mwezi. Hadi sasa huduma yetu imekuwa kifurushi cha Krismasi: unga, sukari, mafuta, sala, kisha kila mtu kwake. Twataka kitu kitakachodumu.

Wazee wana maoni matatu. Tukodi nyumba tuwaweke wale yatima, tugawe mtaji wa 5,000 kwa kila mjane, ama tuendelee na chakula ila kiwe cha kila mwezi. Wajane 4 ni Waislamu, majirani wa kanisa. Mnaoijua kazi hii, tuanzie wapi, na wengi hukwama wapi?

Karani_wa_Wajane

Shemasi, la nyumba ya yatima liwekeni kando kabisa. Usajili wa makao mapya ya watoto ulisimamishwa na serikali mwaka 2017, na mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unataka watoto warudi kwa jamaa zao. Tena hawa wenu wana nyanya. Kodi ya nyumba, mlezi wa usiku, mlinzi na makaa: pesa hizo zikimfikia nyanya mwenyewe, watoto wote wanne watabaki pamoja chini ya paa wanalolijua. Nendeni na nyanya kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo ili ulezi wake utambuliwe rasmi, maana shule, hospitali na kamati za basari huuliza mlezi ni nani.

Kabla ya mtaji na kabla ya unga, shughulikieni makaratasi. Mwezi wa kwanza wote piteni nyumba kwa nyumba, wawili wawili, mmoja wenu awe mwanamke, na daftari moja tu lenye ukurasa wa kila mjane. Andikeni kipi kipo na kipi hakipo: cheti cha kifo cha mume, kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote, usajili wa SHA (bima ya afya ya serikali), na kama yumo kwenye Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa pesa wasiojiweza. Ile pesa ya yatima ya Inua Jamii ni 2,000 kwa mwezi, na anayestahili lakini hayumo apelekwe kwa chifu na ofisi ya maendeleo ya jamii aulizie lini wanaandikisha.

Cheti cha kifo ndicho mzizi. Wengi wamekunja kibali cha mazishi kwenye plastiki wakidhani ndicho hicho. Aliyefia nyumbani, safari huanzia kwa naibu wa chifu, si hospitalini. Bila cheti hicho mjane hatoi shilingi kwenye akaunti ya marehemu, hapati haki zake kazini, na mtoto haonekani yatima kwenye fomu ya basari.

Waulizeni pia mume alifia wapi. Kama ni kazini, iwe bandarini ama kwenye magodauni ya Shimanzi, Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 yawapa wategemezi fidia ya mshahara wa miezi 96. Lakini taarifa ya ajali isipofikishwa kwa mwajiri ndani ya miezi 12, haki hiyo huweza kupotea. Mjane wa kibarua huambiwa marehemu hakuwa na mkataba, naye akarudi nyumbani kimya. Asirudi peke yake. Mpelekeni ofisi ya kazi.

Sasa lililo zito zaidi kwa Mombasa: nyumba. Nyingi ni nyumba bila ardhi. Mume alimiliki kuta, mabati na vyumba vyake, na kiwanja ni cha mwingine anayelipwa kodi ya ardhi. Mume akifa, shemeji hukusanya kodi ya wapangaji, na hiyo ya ardhi hailipi. Deni likilimbikizana, mwenye ardhi hupata sababu ya kuwaondoa, na mjane hujua siku milango inapong'olewa. Kwa hiyo wiki ya kwanza tafuteni risiti za kodi ya ardhi na hati ya mauziano, mzipige picha. Malipo yaendelee hata kama ni ya miezi miwili mliyomsaidia, na risiti isomeke jina la mjane kwa niaba ya marehemu. Wapangaji nao waandikiwe ni nani wa kulipwa. Halafu barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, kisha mahakamani kuomba usimamizi wa mirathi. Tangazo hukaa siku 30 kwenye gazeti rasmi la serikali. Anayeuza mali ya marehemu kabla ya hapo anavunja sheria ya urithi, na barua moja ya wakili ikisema hivyo mara nyingi humtuliza shemeji.

Mama_Mbaazi

Nyongeza yangu ni ya mtaji. 5,000 mara 12 ni 60,000, yaani sanduku lote limeisha siku moja, na mtoto wa kwanza kuugua anaondoka na mtaji wa mamake. Anzeni na wajane 4 walio tayari, 6,500 kila mmoja, na isiwe pesa taslimu: karai, sufuria, jiko, na vyakula vya kupika vya wiki mbili. Vya wiki mbili zinazofuata vinunuliwe baada ya kuona daftari la mauzo.

Pigeni hesabu pamoja naye kwenye jamvi, msimpigie. Huu ni mfano wa mahamri, bei mtabadilisha zenu: unga kilo 2 kwa 180, nazi 2 kwa 100, sukari robo 40, hamira na iliki 30, mafuta yanayonyonywa 90, makaa 80. Jumla 520. Yatatoka kama 70, ya shilingi 10. Mwaona faida ya 180, lakini watoto watakula 8 (na wale, ndiyo maana ya kazi), 6 yataungua ama yatalala. Amebakiwa na 40. Hapo ndipo biashara nyingi za msaada hufa, na kamati husema mjane ni mvivu.

Kinachobeba ni mbaazi. Kilo moja iliyolowekwa usiku kucha hula makaa kidogo, yatoa sahani kama 24. Nazi zile zile zikamuliwe mara mbili: tui jepesi lichemshie mbaazi, tui zito ligawanywe, la kukandia unga na la kumalizia chungu. Anayeuza mahamri na mbaazi pamoja asubuhi anapata siku ya maana. Tui likichacha kwa joto letu hili hupoteza vyote viwili, basi akune nazi alfajiri, si jioni ya jana.

Ramadhani meza ya asubuhi hufa, na asiyeonywa hula mtaji mwezi mzima. Ahamie saa kumi alasiri: kaimati, bajia, viazi karai. Na kabla ya karai kuwaka, cheti cha afya cha mpika chakula na leseni ya kaunti vilipwe kutoka fungu lenu. Kanjo, askari wa kaunti, wakibeba karai, wamebeba mtaji wote.

Shemasi_Mtongwe

Asanteni sana, hili la risiti za ardhi hatukuwahi hata kuliuliza. Swali: hao wajane 4 Waislamu, wazee wengine wanasema wahudhurie ibada ndipo wapewe. Mwaonaje?

Jirani_Kisauni

Ndugu Shemasi, msaada unaonunua mahudhurio huharibu msaada na ibada pamoja. Soma Matendo 6: manung'uniko yalikuwa ya wajane waliosahaulika katika huduma ya kila siku, na dawa ilikuwa kuteua watu 7 wa kuisimamia, hadharani. Orodha yenu iwe na kipimo kimoja kwa wote, mfano watoto wangapi, kipato gani, nani mwingine anasaidia.

Yako mambo ya kujua. Mjane Mwislamu hukaa eda, kipindi cha kutulia nyumbani baada ya kufiwa, miezi minne na siku kumi, na mwenye mimba hadi ajifungue. Msimwite ofisini wala kumpangia foleni siku hizo. Mfuateni, waende wanawake, na mtangulie kwa mama mkwe ama dada yake. Mirathi yake huenda kwa kadhi, ambako fungu la mke ni thumni (moja ya nane) ikiwa marehemu ameacha watoto, robo ikiwa hakuacha. Wasaidieni na nauli na makaratasi, uamuzi muwaachie wenyewe. Feri kwa miguu ni bure, ila matatu za ng'ambo si bure.

Karani_wa_Wajane

Namuunga mkono Jirani. Na pesa zisikae kwenye simu ya mtu, hata ya mchungaji. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 yataka wanachama wasiopungua 10, katiba na kumbukumbu za kikao cha kuanzisha; wajane wenyewe wawe wanachama, si wapokeaji tu. Benki iwe na watia saini watatu, mmoja wao mjane.

Ningezigawa 60,000 zenu hivi: makaratasi na nauli 15,000, mtaji 26,000, sare na madaftari ya shule 7,000 zilipwe moja kwa moja dukani, na 12,000 zisiguswe ila kwa ugonjwa ama kodi ya ardhi iliyokwama. Za kila mwezi, 4,000 kwa nyanya na wale watoto wanne bila kukosa tarehe, na chakula kwa wasioweza kufanya kazi tu. Picha za watoto wakipokea unga msiweke mtandaoni. Wafadhili watumieni nakala ya daftari, majina yamefunikwa.