Naomba ushauri: mazoezi ya kuandika kwenye somo la ikolojia, niyapangeje?

Mwanaikolojia:
Wakuu, heshima kwenu.

Nafundisha ikolojia kwa wanachuo wa mwaka wa kwanza, darasa lina watu zaidi ya mia. Ukiwauliza maana ya mfumo ikolojia wanakutajia neno kwa neno kama ilivyo kwenye slaidi. Ukiwauliza kitatokea nini wadudu wachavushaji wakitoweka, wanaandika "mazingira yataharibika", basi. Yataharibika kwa njia gani? Nani ataumia kwanza, na nani atanufaika? Hapo kimya.

Muhula ujao nataka kuingiza mazoezi ya kuandika. Sizungumzii ripoti za maabara, hizo zinanakiliwa kutoka kwa waliotangulia. Nataka maandishi mafupi yanayomlazimisha mtu kufikiri. Waandike nini hasa? Na mtu mmoja anasahihishaje rundo lote hilo? Nawasilisha.

Mchavushaji:
Mkuu, anza kabla hujafundisha chochote. Wape dakika tano na swali moja: mbegu ndogo imekuwa mti mkubwa, uzito wote huo umetoka wapi? Wengi wataandika udongo.

Kisha wasimulie jaribio la mwanasayansi van Helmont, lililochapishwa 1648. Alipanda mti kwenye chombo chenye udongo alioupima, akaumwagilia maji tu kwa miaka 5. Mti uliongezeka kama kilo 74, udongo ukapungua gramu 57 hivi. Akahitimisha kwamba mti umetokana na maji. Sasa wanachuo wamwandikie barua: wapi alikuwa sahihi, na nini kilimpita. Hapo hawawezi kujificha nyuma ya neno "usanisinuru", yaani mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, kwa sababu mtu wa karne ya 17 halijui. Itabidi waeleze kaboni inavyotoka hewani hadi ikawa shina.

Kina_Kifupi:
Barua ni nzuri kwa kuanzia, lakini shida ya mleta uzi ni mnyororo wa sababu. Mimi natumia utafiti wa mwanaikolojia Robert Paine, uliochapishwa 1966. Kwenye miamba ya pwani ya Pasifiki, Marekani, aliwaondoa viti vya pweza (wanyama wa baharini wenye umbo la nyota) katika eneo moja na kuwaacha katika eneo jirani. Pale alipowaondoa, spishi zilishuka kutoka 15 hadi 8. Nawapa mwanzo na mwisho huo tu, pamoja na orodha ya nani anamla nani. Katikati wanaandika wenyewe, aya moja. Maneno "kuathiri", "kuharibu" na "uwiano" ni marufuku.

Rasimu ya kwanza huwa hivi: "Kuondolewa kwa kiti cha pweza kuliathiri viumbe wengine." Ukishamnyang'anya "kuathiri", anarudi na hii: "Kome, ambao kiti cha pweza alikuwa akiwala, walienea wakaujaza mwamba, mwani ukakosa pa kujishikiza." Sentensi ya pili ndiyo ikolojia. Kila tendo lina mtendaji, na mwanafunzi amegundua mwenyewe kwamba kilichokuwa kinagombewa ni nafasi.

Jicho_Kali:
Nikubaliane nanyi nusu. Hayo yote yanafanyika mtu akiwa amekaa kitini, na aya za namna hiyo programu ya akili bandia inazitoa papo hapo. Kila mwanachuo achague mita moja ya mraba nje ya darasa, airudie kila wiki muhula mzima, na aandike akiwa palepale. Ukurasa ugawanywe mara mbili: nilichoona na ninachodhani. "Wadudu wanashambulia mmea" haiingii upande wa kwanza. Kinachoingia ni "majani matatu yana matundu, kingo zake ni za kahawia, sijaona mdudu". Utashangaa watu wazima wanavyopata taabu kutenganisha hayo mawili, na bila kuyatenganisha hakuna sayansi.

Kina_Kifupi:
Hapo umenigusa, mkuu. Daftari la nje na aya ya darasani viende pamoja.

Mama_Mwani:
Kuhusu kusahihisha: usisahihishe yote. Maandishi ya dakika tano pokea tu, soma machache, yasome kwa sauti kipindi kinachofuata bila kutaja majina. Aya za mnyororo wabadilishane, na msomaji apewe kazi moja: apige mstari chini ya sentensi inayoruka hatua. Alama weka kwenye insha moja ya mwisho wa muhula, iliyopitia rasimu mbili, basi.

Mwanaikolojia:
Mmenifungua macho, asanteni sana. Swali la mwisho: wapo wanaoelewa vizuri ila kuandika kunawashinda. Nisingependa zoezi liwaadhibu hao.

Mama_Mwani:
Waanze na mchoro. Wachore mtandao wa chakula, kisha kila mshale waugeuze kuwa sentensi moja. Na hilo litakufaa kwa wote, maana wengi huchora mshale kutoka kwa mlaji kwenda kwa anayeliwa, wakati unatakiwa kufuata nishati inakoelekea. Kwenye mchoro kosa hilo linapita bila kuonekana. Akilazimika kuandika "nishati inatoka kwa simba kwenda kwa swala", atasimama mwenyewe na kufuta.