Semina ya makatekista: tukishamaliza mafundisho, wao wenyewe tunawapa nini?

KatibuKatekesi (Katavi):

Tumsifu Yesu Kristu, wapendwa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na parokiani ni katibu wa kamati ya katekesi. Paroko amenikabidhi kuandaa semina ya siku tatu kwa makatekista wa vigango vyote (makanisa madogo ya parokia), walimu wa dini wa mashuleni, na akina mama wanaolea Utoto Mtakatifu, chama cha watoto wa Kikatoliki. Watafika kama 40 hivi. Mada aliniandikia kwenye kikaratasi: "Imani na makuzi ya mtu binafsi". Basi. Nilipomuuliza anamaanisha nini hasa, alicheka akasema, "Wewe si ndiye mwalimu?"

Semina zetu mnazijua. Padre anasimama na projekta, umeme unakatika, anaendelea kwa mdomo: sakramenti saba, sehemu za Misa, namna ya kujaza kitabu cha ubatizo. Saa nne chai na maandazi, saa nane wali, saa kumi maswali, na maswali yote yanaishia kwa wale wanaoishi pamoja bila ndoa. Tunaondoka daftari limejaa. Sidharau hayo. Kuna mtu wetu mmoja nilimkuta anawaambia watoto kwamba Roho Mtakatifu ni malaika mkuu kuliko wote, kwa hiyo mafundisho bado yanahitajika, tena sana.

Ila nikiwatazama watu wenyewe naona jingine. Tuna katekista wa kigango cha mbali kuliko vyote. Padre anafika huko mara moja kwa mwezi, mvua ikiruhusu. Jumapili nyingine zote ibada ni yake. Mtu akifa usiku, mlango unaogongwa ni wake. Mume na mke wakipigana, wanapelekwa kwake. Mwaka jana alifiwa na binti yake. Jumapili iliyofuata alisimama, akasoma Injili, akahubiri, sisi tukamsifu kwamba mzee ana imani. Hakuna aliyemuuliza usingizi anaupata. Juzi mke wake ameniambia siku hizi nyumbani hasali kabisa. Anasalisha, hasali.

Sasa naomba mlioendesha semina za namna hii mnisaidie. Muda wa kufundisha uwe kiasi gani, na wa kukaa kimya kiasi gani? Mzee aliyeanza kufundisha dini kabla mimi sijazaliwa unamwambiaje aje "kukua"? Na haya mambo ya watu kueleza maisha yao, yanafaa kweli, au tutafungua vidonda halafu tushindwe kuvifunga? Fedha ni kidogo. Mtoa mada wa kutoka mbali hatumwezi.

---

MzeeWaKigango:

Milele amina, mwalimu.

Mimi ni hao hao unaowasema, kwa hiyo nijibu upande wa wanaoketishwa.

Kwanza tarehe. Usituite wakati wa palizi. Mtu atakuja kwa utii, mwili upo ukumbini, moyo uko shambani kwenye magugu. Huko kwenu mahindi yakishaingia ghalani, Agosti au mwanzoni mwa Septemba, hapo utatupata wazima. Pili nauli. Mrudishie mtu nauli yake siku ile ile anayofika. Ukiishikilia hadi siku ya mwisho, kila mada unayotoa yeye anapiga hesabu ya bodaboda. Tatu viti. Niliwahi kuketishwa siku nzima kwenye madawati ya darasa la kwanza, magoti yanagusa kidevu, na mada ilikuwa "Hadhi ya Katekista". Nimesamehe lakini sijasahau.

Hilo la kukua lisikutie hofu. Mzee hakasiriki kuambiwa akue, anakasirika kufundishwa kama hana kitu. Anzeni kwa kumuuliza. Kwenye mafungo fulani padre alituuliza swali moja tu jioni: "Nani alikufundisha kusali?" Wanaume watupu tulikuwa pale, watu wa kuongoza mazishi bila kutoa chozi. Mmoja akaanza na bibi yake aliyekuwa na rozari ya mbegu, ile mbegu ya kijivu inayoota mtoni, uzi ukikatika anaokota mbegu moja moja kwenye vumbi na kila anayoiokota anaisalia Salamu Maria. Baada ya huyo hatukulala mapema. Mimi nilisema habari za baba yangu ambazo hata mke wangu alikuwa hajazisikia.

Na hapo hapo ombi: waiteni na wake zetu, au waume kwa makatekista wanawake. Wao ndio wanaotufungulia mlango tukirudi usiku kutoka msibani. Hakuna semina iliyowahi kuwauliza lolote.

---

Sista_wa_Katekesi:

Mwalimu, na wewe Mzee wetu, asanteni. Kazi yangu ni kuandaa makatekista jimboni, nami nakubaliana na Mzee mpaka kwenye madawati.

Paroko wako hajatunga kitu kigeni. Mwongozo wa Katekesi uliotolewa Roma mwaka 2020 unataka malezi ya katekista yaguse yeye alivyo kama mtu na kama muumini, anavyokaa na wenzake, anachokijua, na ufundi wake wa kufundisha. Sisi kwa miaka mingi tumeshughulikia hayo mawili ya mwisho. Hata Sheria ya Kanisa, kanuni ya 780, inawadai maaskofu kuhakikisha makatekista wanapata malezi ya kudumu. Na Papa Fransisko alipoanzisha rasmi huduma ya katekista kwa barua yake *Antiquum Ministerium* ya tarehe 10 Mei 2021, aliitaja kama wito wa mlei, yaani muumini asiye padre wala mtawa. Mwenye wito anatunzwa, hasukumwi tu.

Kwenye muda, mimi huweka asubuhi kwa mafundisho na mchana kwa mtu mwenyewe. Mafundisho yenyewe mada moja kwa siku, si zaidi. Wewe ni mwalimu, unajua darasa la saa nane linavyosinzia, basi saa hizo usimhutubie mtu.

Mchana tumieni Hatua Saba za kusoma na kusali Injili pamoja, zile za Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini, tunazozitumia kwenye jumuiya ndogo ndogo. Watu watakwambia tunazijua. Wape hatua ya tatu polepole uone. Injili ikishasomwa, kila mmoja anatamka neno au kifungu kilichomgusa, kwa sauti, kama sala, anarudia mara mbili tatu bila kueleza chochote. Makatekista hapa wanashindwa kuliko waumini wa kawaida! Mtu anatamka "Kaa nasi," mdomo unamwasha, mara anaanza: "Yaani hapa Bwana anatufundisha kwamba..." Mzuie kwa upole. Kisha hatua ya nne, kimya. Anza na dakika tatu, siku ya pili tano. Kimya cha kwanza watakohoa na kutazama simu, cha tatu utasikia kuku nje.

Kwa huyo baba aliyefiwa, chagua Luka 24, safari ya wale wanafunzi wawili kwenda Emau. Angalia mpangilio wa Yesu mwenyewe: anatembea nao, anawauliza mnazungumza nini njiani, anawaacha wamalize huzuni yao yote mpaka "sisi tulikuwa tukitumaini", ndipo anafungua Maandiko. Semina zetu huanza na kufungua Maandiko.

Kuhusu vidonda, woga wako una msingi. Mimi hutumia zoezi la mto wa maisha. Kila mtu anapewa nusu karatasi ya bango kitita na kalamu za rangi, anachora maisha yake kama mto: ulikoanzia, maporomoko, mahali ulipokauka, vijito vilivyouongezea maji. Halafu wanakaa wawili wawili, si mbele ya ukumbi. Anayetaka kuonyesha anaonyesha, asiyetaka anaikunja karatasi yake anaondoka nayo, na hilo litangazwe kabla hawajaanza kuchora. Kinachosemwa pale kinabaki pale. Mwombe padre mwingine, si paroko wao, awepo kwa kitubio na mazungumzo ya faragha. Paroko ni baba, lakini pia ndiye anayewapangia vituo, na mtu hatamweleza kila kitu.

Jambo la mwisho, hata likichukua saa moja tu: ulinzi wa watoto. Asiwepo mtu anayefundisha mtoto mmoja peke yake chumbani mlango umefungwa, na kila mmoja ajue anampelekea nani taarifa akiona mtoto anaumizwa. Hayo nayo ni ukomavu wa imani.

---

Mlei_wa_Mjini (Dar):

Mimi nitaingiza mchanga kidogo kwenye wali huu, mnisamehe.

Maneno "makuzi ya mtu binafsi" yakitajwa mimi nashika mfuko. Niliwahi kwenda kwenye semina ya walimu wa dini yenye jina kama hilo, mwezeshaji amevaa suti ya kung'aa. Tuliandika malengo ya miaka mitano. Tuligeukiana tukaambizana "wewe ni mshindi". Yesu alitajwa kwenye sala ya kufungua na sala ya kufunga, katikati alipewa mapumziko. Walimu walitoka wamechangamka kweli, na Jumamosi ile ile kipindi cha Kipaimara kikawa kile kile cha kukaririsha.

Sisemi Sista analeta hayo, nimemwelewa. Nasema mwalimu awe macho, maana akitafuta mwezeshaji wa bei nafuu, wa namna hiyo ndio watakaojitokeza kwanza.

Na mbona mko Katavi mnahangaika na mifano? Karema iko hapo hapo kwenu, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Adrian Atiman alizaliwa Afrika Magharibi, akakamatwa mtumwa akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe (shirika la Wamisionari wa Afrika), akasomea utabibu Malta, akaja Karema mwishoni mwa miaka ya 1880 akiwa tabibu na katekista. Akakaa zaidi ya miaka 60, hadi alipofariki mwaka 1956. Hebu wawekeeni makatekista maisha ya huyo mtu jioni moja, muwaulize: mtoto aliyeuzwa anapataje moyo wa kumtibu mgeni miaka yote hiyo? Kuna makuzi kuliko hayo? Au wale vijana wa Uganda, Daudi Okelo na Jildo Irwa, makatekista waliouawa Paimol mwaka 1918 na kutangazwa wenyeheri mwaka 2002. Jildo alikuwa kijana mdogo tu.

Halafu mwisho wa yote, pesa. Sista amenukuu kanuni ya 780, nami naongeza ya 231, inayosema mlei anayejitoa kwa huduma maalumu ya Kanisa anastahili ujira wa heshima unaolingana na hali yake. Tusije tukamfundisha mtu kukubali maisha yake kwa utulivu wakati mwanawe amerudishwa nyumbani kwa kukosa sare.

---

Sista_wa_Katekesi:

Kaka, hilo la sare nalipokea bila ubishi. Kwenye mto wa maisha ndiyo linalojitokeza mara nyingi kuliko yote. Mwalimu, halmashauri ya walei iwakilishwe siku ya mwisho isikie yenyewe, kwa ujumla, bila kutaja nani kasema.

---

Tichaa_wa_PPI (Kenya):

Salamu kutoka huku Kenya. Mimi nafunza kipindi cha dini cha kila wiki, kile tunachokiita PPI, katika shule ya upili. Usiwasahau hao walimu wa shule, mwalimu, kwa sababu uchovu wao ni tofauti na wa katekista wa kigango. Wao hawagongewi mlango usiku. Wao wanaulizwa na mtoto wa miaka kumi na sita mbele ya darasa: "Mwalimu, mama yangu aliombewa na bado akafa, kwa nini?" Unajibu kitu kutoka kitabuni, kengele inalia, unaenda staffroom, na swali ni lako sasa.

Weka sanduku la maswali lisilo na majina, na uwaambie wazi kwamba ni maswali yao wenyewe, si ya wanafunzi. Tulipofanya hivyo mara ya kwanza kila karatasi iliandikwa "mwanafunzi mmoja aliniuliza...". Siku ya pili ndio yalikuja ya kweli.

---

KatibuKatekesi (Katavi):

Mungu awabariki nyote. Nimempelekea Paroko mapendekezo, amesoma akiwa amesimama, kisha akakaa akasoma tena.

Ametukubalia mwisho wa Agosti. Nauli siku ya kufika. Asubuhi mada moja moja: sala, Misa, ulinzi wa watoto. Mchana Hatua Saba na mto wa maisha, na Emau tutaiweka siku ya pili, siku ya kwanza watu bado wanajuana. Jioni moja ni ya Atiman. Tena mmoja wa wazee wetu ana asili ya Karema na amesema atasimulia aliyoyasikia kwa wakubwa wake. Sanduku la maswali litawekwa karibu na mlango wa choo, mahali pekee ambapo mtu anapita peke yake bila kuulizwa anaenda wapi. Padre wa kitubio atatoka parokia jirani. Suti ya kung'aa haitakuwepo.

Yule baba nimemfuata mwenyewe kwake. Sikumpa barua ya mwaliko. Nimemwomba siku ya Emau asiongoze chochote, asisome, asisalishe, akae tu upande wa wanaosikiliza. Alinyamaza kwanza, halafu akauliza, "Na nikishindwa kukaa?" Nikamwambia atoke nje, kuna mwembe, na padre wa kitubio atakuwa anapita huko.

Imebaki ya wenzi wao. Paroko amekubali waje, ila ameuliza: hao akina mama wakikaa ukumbini, nani atapika?

---

MzeeWaKigango:

VIWAWA, vijana wetu wa Kikatoliki, watapika. Wana nguvu za kucheza mpira kila jioni, sufuria ya watu 80 haitawashinda. Mweke mama mmoja tu wa kuonja chumvi, na awe wa zamu, asibaki jikoni siku zote tatu.