Ng'ombe anarudi joto kila akipandishwa, nimuuze?

MamaNeema (Rungwe)
Habari za jioni wafugaji wenzangu. Nina chotara wa Friesian, uzao wa pili. Alizaa Februari, mpaka sasa Septemba hajashika mimba. Tukimpandisha kwa chupa, yaani mbegu anayoweka mtaalamu bila dume, wiki tatu zikipita analia tena kutaka dume. Maziwa yameshuka hadi lita nne, pumba nanunua vilevile. Joto halijifichi: asubuhi nikienda kukamua namkuta ute unaning'inia mkiani. Namwita mtaalamu, anafika kesho yake mchana maana ana kata tatu. Baba Neema anataka apelekwe mnadani. Mimi roho inaniuma, mama yake ndiye aliyemsomesha Neema. Nifanyeje?

Mhamilishaji_Hai
Pole sana mama. Usimuuze kwanza. Anayerudi kila baada ya siku 21 hivi, mzunguko wake uko sawa. Mimi naona saa ndiyo inawaponza. Akionekana joto asubuhi, apandishwe jioni ileile. Akionekana jioni, kesho yake asubuhi. Kusimama akipandwa na wenzake hudumu muda wa saa 12 hadi 18 tu, na yai likishatoka halikai. Kesho yake mchana mbegu inapotea bure. Ute wenyewe ukoje? Na kondo la nyuma lilitoka lini?

MamaNeema
Ute ni safi, unavutika kama ute wa yai. Kondo lilichelewa, lilitoka siku ya pili.

MfugajiNjombe
Dada, mwangalie na mgongo. Mbavu na nyonga zikichomoza, chakula hakitoshi, na ng'ombe aliyekonda hushika kwa shida. Jiwe la madini lisikosekane bandani. Halafu piga hesabu: mimba ni kama siku 280, kwa hiyo anayezaa kila mwaka ana siku 85 tu za kushika tangu azae. Wako amezipita zamani, na kila mzunguko unaopotea ni wiki tatu za pumba.

Mhamilishaji_Hai
Kondo kuchelewa hivyo kunanitia wasiwasi, hata kama ute ni safi. Daktari amkague kizazi kabla hamjapandisha tena. Chukua daftari, andika kila tarehe ya joto. Ukiona damu kidogo mkiani, joto limeshapita siku moja au mbili. Hesabu siku 18, uanze kumchungulia asubuhi, jioni na usiku kabla ya kulala. Ukimwona tu, piga simu kabla hujamaliza kukamua. Mtaalamu wako akisema jioni hafiki, mtafute wa kata ya jirani.