Monty Python and the Holy Grail: mnacheka nini?

PundaWaMkomani: Jamani, shemeji kanionyesha hii filamu ya 1975 ya Monty Python, kundi la wachekeshaji wa Uingereza. Mfalme Arthur, yule wa hadithi zao za kale, hana farasi, mtumishi wake yuko nyuma anagonganisha vifuu vya nazi, ko-ko-ko! Utamu uko wapi?

BintiLangoni: Pesa za farasi hazikuwapo, ndugu yangu. Halafu mlinzi juu ya ngome anauliza, nazi imefikaje Uingereza? Wanaishia kubishana kama mbayuwayu aweza kuibeba. Hapo mimi hoi, ni baraza letu la jioni lile!

PundaWaMkomani: Na yule wa deraya nyeusi? Kakatwa mikono na miguu, bado ataka vita!

MzeeWaJahazi: Huyo usimtafutie maana, mwanangu. Mwisho polisi wanakuja kukamata watu, filamu kwisha. Itazame na wenzio. Peke yako haichekeshi.