Naomba ushauri: promota anataka nicheze "mshenzi wa Afrika" ulingoni, nami nafikiria kuacha kazi

Mwanaulingo (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Tanga, nina umri wa miaka 26 na ninaishi Columbus, Ohio, kwa kibali cha ukaazi wa kudumu. Ninafanya kazi ghalani zamu ya usiku, na ingawa kazi yenyewe inachosha, inanipa mshahara wa uhakika na bima ya afya. Mwishoni mwa wiki ninapigana mieleka ya kulipwa katika kampuni ndogo ndogo za Ohio, Indiana na Kentucky, ambazo hazina televisheni wala wafadhili wakubwa, na ambazo huandaa maonyesho kwenye kumbi za maveterani wa vita na majumba ya mazoezi ya shule, mbele ya watazamaji ambao siku ya neema hufika mia mbili.

Kwa watakaoniambia kwamba mieleka hii ni maigizo, ni kweli kwamba mshindi hupangwa kabla hatujapanda ulingoni, lakini chini ya turubai kuna sponji nyembamba, chini ya sponji kuna mbao, na chini ya mbao kuna vyuma, kwa hiyo anayeanguka huanguka kweli. Malipo yangu kwa pambano ni kati ya dola 20 na 50, na kwa malipo hayo ninatarajiwa pia nifike mapema kusaidia kufunga ulingo.

Sasa amejitokeza promota mmoja, ambaye sitamtaja, anayetaka kunipa pambano kila wiki kwa malipo mara tatu ya hayo, kwa masharti mawili. La kwanza ni kwamba niache uhusika wangu wa sasa, ambao ni wa baharia wa Tanga anayezungumza na watazamaji kwa kipaza sauti, ili nicheze "mshenzi wa Afrika", nikiwa peku, nimepakwa rangi usoni na tumboni, nimeshika mkuki, na nisitamke neno lolote ila kunguruma. La pili ni kwamba nisaini karatasi inayosema kuwa jina na uhusika huo ni mali yake, na kwamba kwa miaka miwili sitapigana kwa promota mwingine ndani ya Ohio bila idhini yake. Kwa kuwa mapambano yataongezeka, nimeanza kufikiria kuacha kazi ya ghalani. Naombeni ushauri, hasa kutoka kwa wanaoufahamu mchezo huu.

Kipanga78

Mkuu, uhusika unaopewa si mpya, na ni vizuri ujue ulikotoka. Mwaka 1982 huko Memphis, mwanamieleka Jerry Lawler na promota Jerry Jarrett walimchukua James Harris, mtu wa Mississippi, wakampaka rangi, wakamvalisha kinyago, wakamwita Kamala, kisha wakawaambia watazamaji kwamba ametoka Uganda na aliwahi kuwa mlinzi wa Idi Amin. Sisi tuliokulia Kagera, ambao wazazi wetu walilikimbia jeshi la Amin halisi mwaka 1978, tulipokuja kuiona mikanda ile ya video hatukujua tucheke au tukasirike. Mwaka 1990 kampuni kubwa ya mieleka ya WWF, ambayo leo huitwa WWE, ilimfanyia vivyo hivyo Tony Atlas, mwanamieleka ambaye watazamaji walikuwa wamemfahamu kwa miaka mingi, ikamvisha manyoya kichwani, ikampa mkuki na kumwita Saba Simba, na jambo lile halikudumu. Hata mwaka 2021 Apollo Crews, mzaliwa wa California mwenye wazazi Wanigeria, alionyeshwa kwenye televisheni akiwa na lafudhi ya kutengeneza na walinzi waliobeba mikuki.

Hata hivyo, hoja yangu kubwa si ya heshima, kwa sababu heshima kila mtu huipima kwa mizani yake. Hoja yangu ni ya kazi. Mwanamieleka asiye na televisheni huuza vitu viwili, yaani pambano lenyewe na fulana anazoziuza mezani wakati wa mapumziko, na anayenunua fulana hununua kwa sababu amemsikia mtu akizungumza na akampenda au akamchukia. Promota anayekunyang'anya kipaza sauti amekunyang'anya nusu ya mtaji wako, hata akikulipa mara tatu. Baharia wa Tanga hayupo mwingine katika ulingo wowote Marekani, na mimi ningelipa kiingilio nimwone.

Mtazame Kofi Kingston. Alizaliwa Kumasi, Ghana, akaanzia kwenye kumbi ndogo za Massachusetts kama wewe, na WWE ilipomchukua ilimtangaza kuwa Mjamaika. Uongo ule haukumfunga mdomo wala mikono, ndiyo maana siku ulipoachwa yeye alibaki, na tarehe 7 Aprili 2019 akawa bingwa wa WWE akitambulishwa kama mtoto wa Ghana.

ChumaChaMbeya

Kaka Kipanga, unamtaja Kamala kana kwamba alishindwa, ilhali alipigana na nyota wakubwa kama Hulk Hogan, Andre the Giant na Undertaker, na mpaka leo tunalitaja jina lake. Ni wanamieleka wangapi wa kumbi za maveterani watakaotajwa miaka arobaini baadaye? Kijana anahitaji kuonekana kwanza. Mieleka imejaa Wajapani waovu, Warusi waovu na Waarabu waovu waliochezwa na watu wa Minnesota, na kila mtazamaji mzima anajua kuwa ni mchezo. Mimi ningekubali kwa miezi sita, nikajenge jina, kisha nimgeuze yule mshenzi siku moja achukue kipaza sauti na kuzungumza kuliko wote ukumbini. Hiyo ingekuwa hadithi nzuri kuliko ya baharia.

Mwanaulingo

ChumaChaMbeya, wazo la kumgeuza nililipenda, na nilimuuliza promota kuhusu jambo hilo hilo. Jibu lake lilikuwa kwamba watazamaji wake "hawako tayari". Kaka Kipanga, nashukuru. Sikujua habari za Memphis.

DadaMuuguzi

Mdogo wangu, mimi ni muuguzi Minneapolis na mieleka siifahamu kama kaka zako hapo juu, lakini nimesoma neno "bima" katika sentensi zako za mwanzo na nimeona kila mtu amelipita. Kwa kawaida, anayepigana katika maonyesho ya aina hiyo huhesabiwa kuwa amejiajiri mwenyewe, maana yake ni kwamba ukivunjika bega ulingoni hakuna mwajiri wa kukufidia. Ukiacha kazi ya ghalani, sheria iitwayo COBRA kwa kawaida hukuruhusu kubaki kwenye bima ileile kwa hadi miezi 18, lakini sehemu aliyokuwa akilipa mwajiri utailipa wewe, na wengi hushtuka wanapoiona hesabu yake. Njia nyingine ni soko la bima la serikali, ambalo hukupa siku 60 za kujiandikisha tangu siku ulipopoteza bima ya kazini. Usiache kazi kabla hujajua kwa dola na senti utakuwa katika njia ipi.

La pili ni kichwa chako. Bryan Danielson, ambaye nimeambiwa na mume wangu kwamba ndiye mfano mkubwa wa mtu aliyepanda kutoka kumbi ndogo, alilazimika kustaafu Februari 2016 akiwa na miaka 34 kwa sababu ya mitikisiko ya ubongo, na madaktari wa kampuni hawakumruhusu kurudi hadi Machi 2018. Yeye alikuwa na madaktari wa kumzuia. Katika ukumbi wa watazamaji mia mbili, nani atakuzuia wewe? Mtikisiko wa pili unaokuja kabla wa kwanza haujapona ni hatari kuliko wote, na pambano la kila wiki halitoi nafasi ya kupona. Ukipata maumivu ya kichwa yasiyoisha, kichefuchefu, kutoona sawasawa au kusahau sehemu ya pambano, usipigane tena mpaka daktari akuruhusu, hata kama jina lako liko kwenye bango. Mwulize promota, kwa maandishi, ni mhudumu gani wa afya anayekuwapo ukumbini na anayelipwa na nani. Jibu lake litakueleza mengi kuhusu karatasi anayotaka usaini.

HesabuSafi

Ninaandaa ritani za kodi za watu waliojiajiri hapa Houston, wakiwemo wanamuziki na wanamieleka wachache, kwa hiyo nitabaki kwenye karatasi. Usisaini kama ilivyo.

Kwanza, jina. Cody Rhodes alipoondoka WWE mwaka 2016, mtoto wa mwanamieleka Dusty Rhodes, mtu ambaye jina la Rhodes lilikuwa jina la ulingoni la baba yake, alilazimika kupigana kwenye kumbi za kujitegemea akiitwa Cody tu, kwa sababu alama ya biashara ilikuwa mikononi mwa kampuni. Ikiwa jambo hilo lilimpata yeye, wewe ukijenga jina la mtu mwingine kwa miaka miwili utaondoka mikono mitupu. Fanya kinyume chake: jina la baharia lisajili mwenyewe kama alama ya biashara. Ada ya serikali ni dola 350 kwa kila kundi la huduma au bidhaa, na kundi la burudani linatosha kwa kuanzia.

Pili, kukuzuia Ohio nzima kwa miaka miwili ni kizuizi kikubwa mno kwa malipo unayoyataja. Mtu anayetaka kukufunga hivyo anapaswa kukuhakikishia idadi ya mapambano na malipo hata akiahirisha onyesho, na naona hajaahidi hata kimoja. Mwanasheria wa mikataba akiisoma kwa saa moja, gharama yake itakuwa ndogo kuliko utakachopoteza.

MkaziWaLeicester

Huku Uingereza tuliona matokeo ya kumtegemea mlipaji mmoja. Mwaka 2018 WWE ilianzisha NXT UK, tawi lake la Uingereza, vijana wazuri wa kampuni kama Progress ya London na ICW ya Glasgow wakasaini, na mikataba ikawabana wasipigane watakako. Mwaka 2022 NXT UK ikafungwa, na waliobaki bila kazi walirudi kwenye kumbi ambazo zilikuwa zimedhoofika kwa kuwakosa. Kabla ya hapo, Juni 2020, wanamieleka wengi, hasa wanawake, walijitokeza kueleza hadharani unyanyasaji uliofanywa na wakufunzi na mapromota, na kundi la wabunge wa vyama vyote likatoa ripoti mwaka 2021 iliyoonyesha kwamba shule za mieleka hazikuwa na msimamizi wa maana. Namtaja huyu mlipaji mmoja kwa sababu hiyo pia: asiye na pengine pa kwenda huvumilia mengi.

Kuhusu umri, usikubali mtu akuharakishe. Kevin Steen wa Quebec alianza mwaka 2000 na WWE haikumsaini hadi 2014. AJ Styles aliingia WWE Januari 2016 akiwa na miaka 38, baada ya kupigana karibu kila mahali pengine duniani. Miaka 26 ni mapema. Kazi ya usiku na mapambano ya Jumamosi ndiyo maisha ambayo wengi wao waliyaishi kwa miaka mingi, na wengine, lazima niseme, hawakuvuka hapo.

ChumaChaMbeya

Baada ya kusoma habari za karatasi, nakubali asisaini. Kwa uhusika bado nina msimamo wangu.

Mwanaulingo

Nawashukuru nyote. Nimempigia promota simu leo na kumwambia kwamba nitapigana kwake mara mbili kwa mwezi kama baharia, bila karatasi ya umiliki, kwa malipo ninayoyapata kwingine, na nikamuuliza swali la dada kuhusu mhudumu wa afya. Amesema atafikiria, na kuhusu mhudumu, amesema mkewe ana sanduku la huduma ya kwanza. Kazi ya ghalani siiachi kwa sasa. Swali langu la mwisho ni kwa HesabuSafi: safari za gari kwenda Louisville na kurudi nazilipia mwenyewe. Je, zina nafuu yoyote kwenye kodi, au kwa vile kipato ni kidogo hakuna haja ya kuandika?

HesabuSafi

Andika. Mapato halisi ya kujiajiri yakifika dola 400 kwa mwaka unawajibika kuyatolea kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3, mbali na kodi ya mapato, na kinachoteremsha kiasi hicho ni gharama zako. Kwa mwaka 2025 mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, iliruhusu senti 70 kwa kila maili ya safari ya kikazi, na Columbus hadi Louisville ni zaidi ya maili 200 kwa upande mmoja, kwa hiyo safari moja tu inaweza kuzidi malipo ya pambano lenyewe. Weka daftari ndani ya gari, uandike tarehe, ulikokwenda, ulifuata pambano gani na maili zilizosomeka. Viatu vya ulingoni na mavazi ya baharia pia huingia, mradi si nguo unazoweza kuvaa mtaani. Tunza risiti zote, hata za leseni ya mwanamieleka kama uliilipia Kentucky.